HOTUBA JUU YA MABAKA MEUPE YA NGOZI

Iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Ni desturi ya mkutano huu kusikiliza neno moja juu ya afya kabla ya hesabu za Chama kusomwa. Mwaka huu Kamati ilitutaka sisi tuseme, nasi tukaomba ruhusa ya kueleza habari za mabaka meupe yatokeayo katika ngozi ya mtu, ambayo madaktari huyaita vitiligo, na ambayo watu wa pwani tangu zamani huyaita mbalanga. Hatukulichagua jambo hili kwa sababu ya elimu yetu, maana sisi si waganga. Sisi ni karani tu. Sababu imo katika daftari la kumbukumbu za Kamati, na afadhali tuitaje kwanza.

Mwaka jana wanachama wawili walileta maneno mbele ya Kamati kwamba mama mmoja, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akitupikia kila tunapokuwa na mkutano au matanga, ametokewa na mabaka meupe mikononi na kando ya midomo, na ya kwamba watu wanaona kinyaa kula alichopika. Mmoja alisema ni ukoma. Wa pili alisema si ukoma bali ni laana iliyotoka upande wa mume wake. Mzee mmoja aliuliza kama yuko daktari aliyemwona mama huyo, lakini hakujibiwa. Mazungumzo hayakufika hata dakika kumi, ikaamuliwa kwamba mama apumzishwe kazi ya jikoni. Maneno hayo, "apumzishwe kazi ya jikoni", tuliyaandika sisi kwa mkono wetu, na barua aliyopelekewa tuliipiga chapa sisi. Tulisoma shule ya misheni, tukafundishwa habari za mwili wa binadamu na kufanya mitihani juu yake, na bado siku ile hatukuuliza neno. Baadaye moyo ulitusumbua, ndipo tukatafuta vitabu na kuwauliza waganga wa hospitali. Haya tutakayoyasema leo yalitupasa tuyajue kabla ya kuishika kalamu.

Tuanze na ngozi yenyewe. Rangi ya mwili wa mtu haikupakwa juu kama chokaa ya ukuta. Hutengenezwa ndani ya ngozi na seli ndogo mno ziitwazo melanosaiti, ambazo kazi yake ni kutoa rangi iitwayo melanini. Melanosaiti moja ni kama mama mwenye chungu kimoja na majirani wengi: huwagawia rangi yake seli za ngozi zipatazo 36 zilizoizunguka. Tena liko jambo lililotushangaza sana tulipolisoma. Mwafrika, Mhindi na Mzungu wana melanosaiti ambazo idadi yake karibu ni sawa. Kinachowatofautisha ni wingi na aina ya melanini inayotolewa, na namna inavyopangwa ndani ya ngozi. Melanini hiyo ni mwavuli wetu chini ya jua kali la nchi hii.

Katika vitiligo, melanosaiti za mahali fulani hufa, na mahali hapo pakabaki peupe kama maziwa. Ngozi yenyewe haikuoza wala haikupungua unene. Haitoi usaha, haina magamba, na kwa kawaida haiumi, ingawa wengine huwashwa kidogo baka linapoanza. Jasho hutoka na hisia imo. Kilichoondoka ni rangi tu.

Je, ni nani aliyeziua seli hizo? Hapo ndipo pana kiini cha habari hii, nasi twadhani kwamba sisi tukaao mpakani twaweza kukielewa upesi kuliko watu wengine. Mwili wa kila mtu una askari wake, nao ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kuzunguka usiku na mchana, wakikagua kila wanayemkuta: huyu ni mwenyeji, apite; huyu ni mgeni mwenye madhara, akamatwe. Kwa kawaida wanaijua kazi yao vizuri kuliko askari wowote wa forodha mliopata kukutana nao pale Malaba. Lakini kwa baadhi ya watu hutokea kosa. Kikosi kimoja cha askari hao huanza kuzidhania melanosaiti kuwa ni wageni, ingawa zilizaliwa humo humo mwilini. Huzishika na kuziua. Tena wakiisha kuanza, hupeleka mwito kwa wenzao, wakaja wengi zaidi mahali pale pale, na baka likakua. Hata ghasia zikitulia, baadhi yao hubaki wamepiga kambi chini ya ngozi wakikumbuka kazi yao ya zamani. Ndiyo maana baka lililopona huweza kurudi palepale mtu akiacha dawa.

Kosa la namna hii, ambalo kinga ya mwili hupigana na mwili wenyewe, lina ndugu zake. Kisukari kile kiwapatacho watoto na kuwalazimu kupigwa sindano maisha yao yote aghalabu huletwa na askari wanaoshambulia kongosho. Wengine hushambulia viungo, nayo ni namna moja ya baridi yabisi. Wengine hushambulia mizizi ya nywele, mtu akatokwa na vipara vya mviringo. Wako pia wanaoshambulia tezi iliyo shingoni, na hili la tezi yafaa mlikumbuke kwa kuwa huandamana na vitiligo mara nyingi kuliko mengine. Mwenye mabaka akijiona anachoka pasipo sababu, au moyo unamwenda mbio, au ananenepa ama kukonda bila kubadili chakula, na amwombe daktari ampime tezi. Mambo hayo yana dawa, na mtu akijificha ndani kwa ajili ya aibu ya ngozi hatajulikana ugonjwa wake wa pili.

Kwa nini askari wakosee kwa mtu huyu na si kwa yule? Sehemu moja ni urithi. Lakini urithi huo si kama urithi wa shamba, ambao mtoto huupata wote. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003, walichunguzwa pacha waliotoka katika yai moja, ambao damu yao ni moja kabisa. Mmoja alipokuwa na vitiligo, wa pili alikuwa nayo mara 23 tu katika mia. Twaomba wazee wanaokaa katika mazungumzo ya ndoa waishike hesabu hiyo. Tumesikia, na ninyi mmesikia, habari za posa iliyovunjika kwa sababu shangazi wa binti alikuwa na mabaka. Ikiwa pacha wa damu moja huepukana nayo mara nyingi namna hiyo, mpwa atahukumiwa kwa lipi?

Sehemu iliyobaki ni mambo yaipatayo ngozi yenyewe. Mahali palipochubuka, palipoungua, au panaposuguliwa kila siku na mkanda au kiatu, baka huweza kuzuka papo hapo kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huu. Kwa sababu hiyo dawa kali za kuchoma ngozi ziuzwazo masokoni ni adui. Muuzaji huahidi kulichoma baka ili ngozi mpya iote, na kumbe kidonda kile ndicho kiitacho baka jingine.

Watu wenye vitiligo duniani hukadiriwa kuwa kati ya nusu mtu na watu wawili katika kila mia. Maana yake ni kwamba katika kanisa la watu 400 yumkini wamo wawili, au hata wanane. Huwapata wanaume na wanawake sawasawa, katika mataifa yote, na karibu nusu yao huanza kabla hawajafika umri wa miaka 20. Mzungu wa nchi za baridi huweza kuwa nayo asitambuliwe na jirani yake. Kwetu sisi weusi huonekana toka ng'ambo ya barabara, na hilo ndilo lililoongeza uzito wake.

Sasa twaja katika neno ukoma, ambalo lilisemwa mbele ya Kamati, na hatupendi kulipita mbiombio.

Kila mtu aliyezaliwa kati ya Busia na Malaba amesikia jina la Alupe. Kijana wa leo akisikia jina hilo hufikiri Chuo Kikuu, kilichopewa hati yake mwaka 2022. Mwenye malori hukumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipokuwa wakingoja majibu ya vipimo vilivyopelekwa kwenye maabara ya pale. Lakini wazee mlioketi hapa mbele mnakumbuka Alupe nyingine, hospitali ya wagonjwa wa ukoma kandokando ya barabara ya Malaba, na kituo cha utafiti wa ukoma kilichowekwa pale katika miaka ya 1950 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na Kumi katika nchi ya Wateso, na Buluba katika Busoga, iliyoanza mwaka 1934. Wazee wamekwisha kutusimulia jinsi mtu alivyokuwa akionekana na baka, na watu wa nyumba yake wakaanza kumtengea kibuyu na kigoda kabla hata hajapelekwa hospitali. Hofu ya mabaka katika nchi hii haikutoka hewani, basi. Hatuwacheki waliosema ukoma. Walisema walilolirithi.

Walakini ukoma na vitiligo ni vitu viwili mbalimbali, na kuvitenga si kazi ngumu. Ukoma huletwa na kijidudu, ambacho daktari wa Norway aitwaye Hansen alikiona mwaka 1873. Kijidudu hicho hula mishipa ya hisia. Kwa hiyo baka la ukoma aghalabu hupoteza hisia: mgonjwa akifumba macho na kuguswa na uzi wa pamba, hajui kama ameguswa. Mwenye vitiligo ataonyesha kwa kidole palepale ulipomgusa. Tena baka la ukoma juu ya ngozi nyeusi hufifia tu, likawa kama shaba au kama majivu; haliwi jeupe kabisa kama maziwa. Hospitalini daktari huweza kumulika ngozi kwa taa ya mwanga wa zambarau katika chumba cha giza, na baka la vitiligo hung'aa kuliko mwezi. Pia viko vipaku vya fangasi, ambavyo ni vingi sana huku kwetu kwa sababu ya joto na jasho, navyo hutoka kwa dawa ya kawaida. Mtu asijipe jina la ugonjwa mwenyewe, wala asipewe na jirani.

Na hata angekuwa ana ukoma, mngemfukuza? Tangu mwaka 1982 Shirika la Afya la Ulimwengu limeagiza dawa tatu zitumiwe pamoja, nazo hutolewa bila malipo. Mgonjwa huzimeza kwa miezi 6 au 12 akapona, na muda mfupi baada ya kuanza huacha kuwaambukiza wengine. Ndugu zetu wa Teso ya Uganda wamo katika historia ya jambo hili: kuanzia mwaka 1960 watoto wao waliokuwa karibu na wagonjwa walichanjwa BCG, chanjo ile ile iachayo alama mkononi, ikaonekana kwamba imewakinga wapatao 80 katika kila mia ya wale ambao wangeupata. Hivyo hata ukoma wenyewe si ule wa hadithi tena.

Vitiligo haina kijidudu chochote. Haiambukizi kwa mkono, wala kwa kikombe, wala kwa jasho, wala kwa unga uliokandwa. Askari wa mwili wa mtu mmoja hawawezi kuvuka na kwenda kufanya kazi katika mwili wa mwingine.

Wengine katika sisi hofu hii wameitoa kanisani, na hili tumelifikiri sana, maana sisi wenyewe tulilelewa huko. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 13, ziko sheria ndefu za kuhani na mtu mwenye alama katika ngozi, na Biblia zetu zimetumia neno ukoma. Wataalamu wa Kiebrania husema neno lile la asili lilikusanya magonjwa mengi ya ngozi, hata kuvu ya nguo na ya kuta za nyumba. Lakini someni sura hiyo mpaka mwisho, kwa utulivu. Mtaona kwamba kuhani hakuruhusiwa kukata neno kwa kutazama mara moja. Ilimpasa kungoja siku saba, akatazama tena, na pengine siku saba nyingine. Mtaona pia kwamba lipo baka jeupe ambalo mwenye nalo alitangazwa kuwa safi, na ya kwamba mtu aliyegeuka kuwa mweupe mwili mzima naye alitangazwa kuwa safi. Kuhani wa jangwani alingoja juma zima, na Kamati yetu haikungoja dakika kumi. Waislamu ndugu zetu nao hulikuta neno mbalanga katika tafsiri za Kurani, panapotajwa miujiza ya Nabii Isa. Vitabu vyote viwili humtaja mgonjwa huyu, wala hatukuona katika kimojawapo amri ya kumnyang'anya sufuria.

Juu ya laana na miiko tutasema machache. Tangu Bara Hindi hata Arabuni wako watu wasemao kwamba mabaka huletwa na kula samaki pamoja na maziwa. Kama samaki angekuwa na kosa hilo, Wasamia na Wanyala wote wangalikuwa weupe zamani. Hapa petu husemwa mwiko wa ukoo, au jicho la mtu, au mume aliyekosana na baba yake. Hatutaki kuwavunjia wazee heshima katika mambo ya ukoo. Twasema tu kwamba ugonjwa ambao huwapata watu wa Norway, wa China na wa Brazil vilevile hauwezi kuwa umetoka kwenye ugomvi wa boma moja la Busia.

Liko jambo moja lililotufanya tucheke, kisha tukaacha kucheka. Soko letu la mpakani limejaa mafuta ya kuchubua ngozi, yaingiayo kwa mabasi na kwa mabegi ya mkononi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini Kenya, walakini vyauzwa. Basi watu hulipa fedha ili wapate weupe, halafu wanamkimbia yule ambaye weupe umemjia bila kuuomba. Tena baadhi ya dawa za namna hiyo huweza kuua melanosaiti zenyewe. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza habari za wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi waliopatwa na weupe mikononi. Ikagunduliwa kwamba ni dawa iliyokuwamo katika mpira wa glavu zao. Na huko Japani, mwaka 2013, kampuni ya Kanebo ililazimika kurudisha vipodozi vyake vya kung'arisha ngozi, kwa sababu maelfu ya wanawake walikuwa wametokewa na mabaka usoni na mikononi. Mama zetu mwaulizwe na binti zenu juu ya chupa hizo, nanyi mwajibuni hivyo.

Mtauliza: je, ina dawa? Dawa ya kuing'oa kabisa isirudi haijapatikana. Dawa za kurudisha rangi zipo, na moja ya zile za kwanza zilizoaminika ilitoka katika bara letu. Katika bonde la Nile huko Misri humea gugu moja lenye maua meupe, ambalo Wamisri walikuwa wakilitumia tangu kale kwa mabaka. Katika miaka ya 1940 Daktari El Mofty wa Cairo alilichunguza. Mgonjwa hupewa dawa itokayo katika mbegu zake, kisha huwekwa kwenye jua, na rangi ikaanza kurudi. Lakini wengine waliungua vibaya kwa sababu dawa hiyo huifanya ngozi ishindwe na jua, kwa hiyo mtu asije akachuma gugu lolote akajifanya El Mofty.

Siku hizi hospitali kubwa hutumia mwanga uliochujwa, usiohitaji gugu wala jua. Mgonjwa husimama mbele ya taa mara mbili au tatu kila juma kwa miezi mingi. Ziko pia dawa za kupaka, ambazo huwatuliza askari wa mwili mahali pale zipakwapo. Nyingine kati ya hizo ni kali na daktari huzipimia siku, maana zikipakwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Msizinunue dukani kwa kusikia. Mwaka 2022 Marekani ilikubali dawa mpya ya kupaka, ruxolitinib, ambayo huuzima ule mwito tuliousema, askari wasiitane. Bei yake kwa sasa haiwezi kuguswa na mkulima wa kwetu.

Rangi ikirudi, huanza kama vitone vidogo kuzunguka vinyweleo, maana chini ya mizizi ya nywele hubaki akiba ya seli za rangi. Kwa hiyo uso hupona upesi kuliko vidole na midomo, ambavyo havina vinyweleo. Anayeanza mapema hufaulu kuliko anayengoja miaka kumi. Tena asiyetaka dawa yoyote hana kosa, ila ajifunike kofia na mikono mirefu shambani, kwa kuwa mahali peupe huungua na jua.

Shida yetu ni umbali. Kutoka Busia mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 400, na nani ataenda mara mbili kila juma? Hata hivyo kuanza hakuhitaji Nairobi. Mwanzo ni hospitali ya kaunti ya Busia, au Kocholya kwa watu wa Malaba, mtu akaomba aonwe na mwenye ujuzi wa ngozi. Tangu mwaka 1992 kiko chuo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kinachowafundisha waganga wasaidizi wa nchi nyingi za Afrika magonjwa ya ngozi, ili ujuzi huo ufike hata penye hospitali zisizo na daktari bingwa.

Wazee wengi hapa walipata kusikia nyimbo za Michael Jackson, au waliwafukuza watoto wao waliozicheza kwa sauti kubwa. Ulimwengu mzima ulisema alijichubua kwa kuwa aliuchukia weusi. Mwaka 1993 alisema mwenyewe katika televisheni kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi yake, na wengi hawakumsadiki. Alipokufa, tarehe 25 Juni 2009, madaktari walioupima mwili wake walithibitisha kwamba ilikuwa vitiligo. Tarehe hiyo ya 25 Juni ndiyo iliyochaguliwa kuwa siku ya vitiligo duniani, na kwa mara ya kwanza iliadhimishwa mwaka 2011 mjini Lagos, Nigeria, kwa juhudi za mwanamke mwenye mabaka, Ogo Maduewesi. Ikiwa mtu mwenye fedha na jina kama lile alishindwa kuaminiwa, fikirini habari ya mtoto wa darasa la tano ambaye wenzake hawataki kuketi naye dawati moja. Walimu walio wanachama wetu na wamwangalie mtoto huyo. Hatakuja kulalamika, ataacha tu kuja shule.

Sasa tunamalizia pale tulipoanzia. Mwezi uliopita tulikwenda nyumbani kwa mama yule kumwomba radhi. Alitukaribisha. Alituambia kwamba barua ilipomfikia alikwenda hospitali peke yake, akapimwa, akaambiwa si ukoma bali ni vitiligo, na cheti anacho. Hakukileta kwa Kamati kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna aliyemwuliza. Ametupa ruhusa kuyasema haya mbele yenu. Kisha alitupikia chai na kutumiminia. Tulisita kidogo kabla ya kukipokea kikombe, hata sisi tuliokuwa tumekwisha kusoma yote haya. Ilikuwa ni kitambo kidogo sana, lakini aliona, nasi tuliona kwamba ameona. Tukakinywa, tukaomba cha pili.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaweka mbele ya Mkutano Mkuu hoja mbili. Ya kwanza, azimio la Kamati la kumpumzisha mama huyo kazi ya jikoni lifutwe, na kufutwa kwake kuandikwe katika daftari pamoja na sababu, ili atakayesoma baadaye asidhani kwamba lilikuwa na haki. Ya pili, mfuko wa wagonjwa, ambao huwapa wanachama nauli ya hospitali, utambue magonjwa ya ngozi sawa na mengine, maana mpaka sasa mwenye homa hupewa na mwenye mabaka huambiwa ni mambo ya urembo.

Mama mwenyewe hakufika leo. Mkutano ukikubali, barua ya kumrudisha tutaiandika mchana huu huu, na tutaipeleka wenyewe kwa mkono.